Aliyemwoa Mama Yangu

Mama yangu aliolewa na mwanamke. Nikisema hivyo mbele ya watu wa mbali huwa wanacheka kwanza, halafu wananitazama usoni kuona kama natania, kwa hivyo siku hizi sisemi. Lakini ukisema hivyo Mutomo, au popote Ukambani ambako bado kuna wazee, hakuna atakayeshangaa. Watakuuliza tu ni nyumba gani.

Desturi yenyewe ni rahisi kueleza. Mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume, mumewe akiwa amefariki na nyumba ikiwa karibu kufungwa, alikuwa na ruhusa ya kutoa mbuzi na kuoa msichana. Msichana huyo huitwa iweto. Anaolewa kwa ajili ya mwana ambaye hakuzaliwa, na watoto atakaowapata, awapate na nani ni shauri lake, wanahesabiwa kuwa wajukuu wa yule mwanamke na watu wa nyumba ile. Mimi ni mtoto wa iweto. Aliyemwoa mama nilimwita Susu, yaani nyanya, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa. Lakini alikuwa baba pia kwa namna fulani, na mama vilevile, zile siku mama alipokuwa ameenda mtoni na punda kutafuta maji na hajarudi.

Nasema "alikuwa" na bado yu hai. Hiyo ndiyo shida yangu. Nimeanza kumweka nyuma kabla hajafa, na najua sababu yake. Mtu aliyekufa huwezi kumkosea tena.

Alitaka kitu kimoja kwangu. Alitaka siku nitakapooa, mbuzi wangu wa ntheo watoke katika zizi lake. Ntheo ni wale mbuzi wanaopelekwa kwa kina msichana, na bila wao mwanamke anaweza kukaa nawe hadi mkazeeka na bado asiwe mke wako. Mlango ambao mbuzi hao wametokea ndio nyumba yako na ya watoto wako. Harusi ya kanisani ni nzuri, suti na keki ni nzuri, lakini wazee wanauliza habari ya mbuzi. Mwaka jana nilioa, na mbuzi wangu walitokea Mbumbuni, kwa mume wa pili wa mama.

Kwa hivyo nikimwelezea Susu, ujue anayeeleza ni nani.

Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye miguu mikubwa ambayo hajawahi kuionea haya. Viatu vya kununuliwa vilimshinda akaamua kwamba kosa ni la viatu. Hapendi mtu anayesalimia huku akitembea. "Kama una haraka, pita. Salamu itakungojea," alikuwa akisema, na aliyepita bila kusimama siku hiyo, kesho yake hakujibiwa. Hapendi kuhurumiwa. Jirani mmoja alipomwambia "pole kwa upweke" baada ya mama kuondoka, alimjibu kwamba upweke ni wa mwenye mume anayekoroma, yeye analala vizuri.

Mbuzi wake hakuwahi kuwahesabu. Kuhesabu mifugo ni kumwita fisi, alisema, na hata mimi nilipoanza kujua hesabu za shule nilikatazwa kuelekeza kidole zizini. Badala yake alisimama mlangoni jioni akiwatazama wakiingia, akasema, "Mtoto wa yule wa pembe moja hajaingia." Na kweli hakuwa ameingia. Aliwajua kwa ukoo wao, nani mama wa nani, nani alizaliwa mwaka wa njaa, nani ni mjukuu wa yule aliyeletwa na marehemu mzee. Nilikuwa nikifikiri ni kumbukumbu kali tu. Siku hizi nafikiri alikuwa akijifariji kwa kutazama ukoo ambao haukukatika.

Alikuwa na koti la marehemu mumewe, la rangi ya udongo, lenye mifuko inayoweza kubeba kuku. Akilivaa alikuwa baba. Akilivua alikuwa Susu. Mkutano wa ukoo, koti. Kesi ya mpaka wa shamba, koti. Wanaume walinung'unika mwanzo, kisha wakazoea, kisha wakaanza kumwekea kiti.

Nikiwa darasa la nne nilimpiga mwenzangu kwa sababu aliniambia sina baba. Mwalimu mkuu alinituma nyumbani nikamlete baba. Nilifika nikilia, nikamweleza Susu. Hakunipa pole wala hakunigombeza. Aliingia ndani akatoka amevaa koti, jua lote lile, tukaenda.

Mwalimu mkuu alimtazama, akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine anakuja.

"Mama, nilimwambia alete baba yake."

"Si ndiye huyu unaona."

"Nani?"

"Mimi. Sema shida ni gani. Nimeacha mbuzi peke yake."

Mwalimu alikohoa, akaeleza jinsi nilivyompiga mwenzangu mdomoni. Susu alinigeukia. "Ulimpiga na mkono gani?"

"Wa kushoto."

Akamgeukia mwalimu kwa furaha ambayo haikufaa mahali pale. "Umesikia, mwalimu? Babake pia alikuwa wa kushoto."

Huyo baba wa mkono wa kushoto hakuwahi kuzaliwa. Hapo ndipo penye moyo wa Susu wote, na naomba nipaeleze polepole.

Mama aliolewa na mwana ambaye hakuwepo. Kwa wanawake wengine waliooa iweto, mwana huyo alikuwa maneno tu ya kupitishia desturi, kama vile watu wanavyosema "mkono mtupu haulambwi" huku wanatoa shilingi. Kwa Susu haikuwa hivyo. Alimtengeneza. Alianza kidogo, nadhani, kwa neno moja moja. "Mwanangu hangekula ugali kama huu," akimwambia mama. Kisha akaongeza. Alikuwa wa mkono wa kushoto. Alipenda muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, uliotiwa kunde kuliko wa maharagwe. Alikuwa mwoga wa mwendo, kwa hivyo pikipiki zilipoanza kujaa Mutomo, Susu alituambia hangenunua hata angepewa bure. Mvua ilipokosekana misimu miwili, alikuwa ameenda Mombasa kutafuta kazi. Mvua iliporudi, alirudi. Akazeeka pia. Nilipokuwa mdogo alikuwa kijana, na nilipofika darasa la nane alikuwa na mgongo unaomsumbua asubuhi za baridi.

Mimi nilimjua baba yule kuliko watoto wengi wanavyowajua baba zao wa kweli. Aliyenizaa simjui, na sikulelewa kumuuliza. Yule wa Susu ningeweza kukwambia angesema nini juu ya jambo lolote.

Mama alivumilia kwa ucheshi. Siku moja, akisonga ugali, alimwambia, "Mwaitu, huyu mume wangu ni mchaguzi sana wa chakula. Ungeniambia mapema." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na hivyo ndivyo alivyomwita siku zote. Susu alicheka hadi akashika ukuta. Alicheka, akacheka, kisha nikaona hacheki tena. Alifuta macho na leso akatoka nje kuwatazama mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Nilimfuata. Nilikuwa katika umri wa kuuliza kila kitu, nikamuuliza kwa nini anamlilia mtu ambaye hayuko.

"Mtu akikufa," alisema, "unabaki na vitu vya kukumbuka. Mimi huyu wangu sina kitu ya kukumbuka. Nikitaka kumkumbuka ni lazima nitengeneze."

Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Susu jiwe lake aliliosha, akalivisha, akaliozesha mke.

Usidhani alikuwa malaika. Mama alipotaka kwenda kujifunza ushonaji sokoni, Susu alikataa mbele ya watu. "Na maji itatekwa na nani? Na cherehani?" Mama alilia siku nzima na mimi nikamchukia Susu kwa uwezo wangu wote wa mtoto. Miezi kadhaa baadaye alisafiri kwenda Kitui bila kusema anafuata nini. Alirudi na cherehani kuukuu juu ya carrier ya basi, akaiteremsha, akamfungia punda mgongoni, akaileta mpaka mlangoni kwa mama na kuiacha hapo. Hakusema samahani. Alisema, "Hiyo inapiga kelele, ishonee nje." Mama aliishonea ndani, na Susu akawa anakaa karibu akisikiliza hizo kelele.

Nami alinipenda kwa utani, kama nyanya wote. Aliniita mume wangu. "Mume wangu, umeniletea nini sokoni?" Nikisema sikuleta kitu, alitangaza kwa majirani kwamba ameachwa, kwamba atarudi kwao, kwamba wanaume wa siku hizi ni hasara. Nikimletea ndizi moja, alitangaza hilo pia. Usiku wa baridi alinifunika kwa koti lile la baba na kulala yeye bila kitu cha maana. Nilijua, nikalikubali koti. Watoto hukubali tu.

Kanisani alikuwa mtu wa mbele na mtu wa nje kwa wakati mmoja. Lilikuwa kanisa dogo la mabati, nasi sote tulikuwa wa hapo. Yeye ndiye aliyefagia kila Jumamosi, ndiye aliyeanzisha nyimbo kwa sauti iliyopasuka, ndiye aliyemwambia mchungaji mahubiri yakiwa marefu. Lakini meza ya Bwana hakuruhusiwa, kwa sababu ya mama. Mchungaji alimwita akamshauri amwachilie iweto wake, atubu, arudishwe.

"Nimwachilie aende wapi?" Susu aliuliza. "Huyu mtoto nimwachilie pia? Na kesho mtaniletea wengine?"

Basi Jumapili za meza alitoka nje taratibu kabla ya mkate kupitishwa, akaenda kuwasha moto na kupika chai ya kanisa zima. Watu walitoka wakiwa wametakaswa wakamkuta na vikombe tayari. Nilimuuliza kama inamuuma. Alisema inamuuma, kisha akaniambia nipeleke kikombe kwa mchungaji kabla haijapoa.

Mama ndiye aliyeshindwa na Jumapili hizo. Yeye pia hakuruhusiwa, na alikuwa karibu bado msichana, mwenye hamu ya kuwa ndani na wengine. Alishona sare za kwaya kwa cherehani ile ile, zikapendeza, kwaya ya kanisa la Mbumbuni ikaziona kwenye mkutano mkubwa na kuagiza zao, na shemasi mmoja mjane akatumwa kufuata. Alifuata sare, akarudi tena kwa sababu mkono mmoja ulikuwa mfupi. Kisha akarudi bila sababu. Sitamlaumu mama. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi sikulala katika ndoa ile yenye mume wa kusimuliwa.

Wazee wa kanisa walikuja kuzungumza na Susu. Walisema mbele za Mungu mama hakuwa ameolewa na mtu yeyote, kwa hivyo yuko huru. Susu alikuwa amevaa koti siku hiyo. Alisikiliza hadi wakamaliza.

"Sawa," alisema. "Kama hakuolewa na mtu, huyu mtoto ni wa nani?"

Kwa desturi angeweza kunizuia, na ukoo mzima ungesimama upande wake. Hakunizuia. Aliniuliza kama shule za Mbumbuni ni nzuri, nikasema sijui, akasema amesikia ni nzuri na maji yako karibu. Asubuhi tuliyoondoka alinipeleka zizini, akanionyesha mbuzi jike wawili na beberu mmoja wa kahawia mwenye utepe mweupe shingoni.

"Hizi ni zako, mume wangu. Za ntheo. Nenda usome, ukitaka bibi utazikuta hapa. Ikizeeka moja, mtoto wake atachukua hiyo nafasi. Usiogope, mimi siuzi."

Nilikuwa karibu kuingia sekondari. Nilisema sawa, na nilitaka tu gari lije.

Shemasi amekuwa mtu mwema kwangu. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Ana maembe, ana ng'ombe, ana roho ya kutoa, alinisomesha hadi nikawa fundi wa stima bila kunikumbusha hata siku moja. Likizo za kwanza nilikwenda kwa Susu zote. Kisha nikaanza kwenda nusu, kisha Krismasi tu. Nilipopata kazi Kitui mjini nilikuwa karibu na Mutomo kuliko nilivyokuwa Mbumbuni, na ndipo nikaacha kwenda kabisa. Nikawa mtu wa kupiga simu. Alipokea kwa sauti ya kuitia ng'ambo ya mto, na habari zake zilianza vivyo hivyo kila mara: "Mbuzi zako zimezaa." Au, "Ile yako jike inakohoa, lakini nimeipea dawa." Mimi nikasema sawa Susu, asante Susu, nikamtumia kitu kidogo kwa simu nikajiona mjukuu.

Kwa habari hizo za mbuzi alikuwa akiniambia kila mara kwamba ananingoja. Hakuna lugha nyingine niliyoihitaji.

Mwaka jana nilipopata msichana wa kuoa, nilipeleka habari Mbumbuni kwanza kwa kuwa mama yuko huko. Tulikuwa mezani baada ya ibada. Shemasi alifurahi hadi akasimama.

"Wewe ni kijana yangu," alisema. "Usisumbuke. Mbuzi nitatoa mimi."

Mama alinitazama. Nilijua anachonitazamia. Ningesema maneno machache tu, kwamba nina mbuzi wangu Mutomo, na mzee yule, kwa jinsi ninavyomjua, angeona aibu kidogo kisha angenipa baraka. Lakini alikuwa ametabasamu kwa namna ambayo sikutaka kuivunja. Pia, nitasema ukweli, niliona taabu. Kwenda Mutomo, kuita wazee wa ukoo ambao sijawaona kwa miaka, kuwaeleza wakwe kwamba baba yangu ni mwanamke mwenye koti. Nikatazama kikombe changu. Mama akainama pia.

Mbuzi wenyewe walinunuliwa sokoni asubuhi ile ile, njiani kwenda. Watu wengi hufanya hivyo sasa. Kwa kina mke wangu, mzee mmoja wa kwao, mjomba mwenye fimbo, aliuliza swali linaloulizwa siku zote.

"Hizi mbuzi zimetoka nyumba gani?"

Shemasi akajibu, "Zimetoka kwangu, Mbumbuni."

Nilikuwa nimeketi pale pale. Beberu akachinjwa, tukala, na kila mtu aliyekula akawa shahidi. Nilijiambia nitarekebisha baadaye. Kazi yangu imenizoesha vibaya: ukikuta waya umeunganishwa vibaya, unazima umeme, unaufungua, unauunganisha upya.

Habari zilimfikia Susu kabla yangu, kama ilivyo ada. Nilipopiga simu wiki iliyofuata aliniuliza kama Kitui kumenyesha. Akaniuliza kama nina afya. Hakutaja mbuzi.

Ilinichukua mwaka kujikaza. Nilimweleza mke wangu kila kitu, naye akasema twende, ni bibi wa nyumba gani asiyejua nyumba yake. Tulikwenda baada ya ndengu kuvunwa, tukiwa na sukari, unga, na leso mpya.

Susu alikuwa amekonda zaidi lakini anasimama wima. Alitupokea vizuri mno. Alitoa viti vyote viwili, akavifuta kwa mkono, akamsalimia mke wangu kwa mikono miwili na kumuuliza habari za kwao, za mama yake, za mvua ya kwao. Mke wangu alijibu yote, kisha akafanya anachofanya mke aliyeletwa nyumbani mara ya kwanza. Alijifunga leso kiunoni, akaelekea jikoni.

"Kaa, mama," Susu alimwambia. "Mgeni haingii jikoni."

"Mimi si mgeni, Susu. Niko kwangu."

"Umetoka mbali. Kaa chini, upumzike."

Alisema kwa upole. Mke wangu alinitazama, mikono ikiwa bado kwenye fundo la leso. Alikaa.

Mchana kijana mmoja wa jirani aliitwa kuchinja. Nilisikia beberu akilia nikatoka nje, nikaona utepe mweupe shingoni.

"Susu, huyu si wa ukoo wa yule..."

"Ni mjukuu yake."

"Si ndiye aliyekuwa wa ntheo?"

"Alikuwa. Sasa ni nyama ya wageni. Rudi ndani, moshi itakuumiza macho."

Tuliletewa sehemu nzuri, sehemu ambazo mtu wa nyumbani hapewi. Nilikula. Ilikuwa tamu, na hilo liliniuma kuliko kama ingekuwa ngumu.

Siku ya pili tulikaa vile vile. Chai, kiti, mazungumzo ya mvua. Hakuniita mume wangu hata mara moja, wala hakunitania. Mke wangu alijaribu kuosha vikombe akanyang'anywa kwa tabasamu. Nilikwenda kutazama ua wa zizi, nikaona miiba imelegea upande mmoja, nikaanza kuirudishia. Susu alikuja akasimama karibu yangu hadi nikaacha. Alisema kuna kijana anayemlipa kwa kazi hiyo.

Asubuhi ya tatu niliamka kabla yake, nikachukua jembe nyuma ya nyumba na kwenda shambani. Nilikuwa nimelima kipande kidogo tu alipofika.

"Nipatie hiyo jembe."

"Susu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Si ndivyo wanasema?"

"Hiyo inasemwa kwa mgeni amekataa kwenda. Nyinyi mnaenda leo."

Sikumpa. Nililishika kama mtoto. Nilimwambia nitaita wazee, nitapeleka mbuzi wengine kutoka hapa, wale majike wawili bado wapo nimewaona, tutarudia ntheo na kila mtu atajua ukweli.

"Ntheo hairudiwi. Unataka kuoa huyo msichana mara mbili? Watu wa kwao wakuone namna gani?"

"Basi nitukane. Nipige. Umenikasirikia na hutaki kusema."

"Sijakukasirikia," alisema, na nilipomwangalia niliona ni kweli, nikaogopa. "Ningekuwa na hasira ningekutukana, tungemaliza. Ulipata baba, na huyo baba akakuolea. Ni kitu nzuri. Mimi huyo mwanangu nilimtengeneza na mdomo, na nilikuwa najua hivyo siku zote. Sikuwa mjinga." Akalishika jembe mpini, chini ya mikono yangu. "Lakini wewe sikukutengeneza. Wewe ulikuwa wa kweli."

Niliachia jembe.

Tulifunga mizigo. Mtu wa nyumbani akiondoka anaondoka tu, anaaga kwa mdomo huku mwenye nyumba akiendelea kupepeta au kukamua. Mgeni husindikizwa. Susu alijifunga leso mpya tuliyomletea, akachukua begi la mke wangu akakataa kulirudisha, akatangulia mbele na miguu yake mikubwa. Alituonyesha njia ambayo nilitembea utotoni mwangu wote. Hapa kuna shimo, alisema. Hapa mpite upande huu, kuna miiba.

Barabarani tulisimama hadi boda boda ilipotokea. Susu alimkabidhi mke wangu begi lake, akamwombea apate mimba njema, akampa mkono. Kisha akanipa mimi. Mkono wake ulikuwa mkavu na ulinishika kwa heshima, kama unavyomshika mtu usiyemjua sana lakini huna ubaya naye.

"Mkipita tena njia hii," alisema, "karibuni."

Nilimjibu kama mgeni anavyojibu. Nilisema asante.